Miraba Kumi ya Fagio

Alipofika mraba wa saba, vidole vyake vilikuwa vimegeuka kijani, kucha zimejaa udongo, na jua lilikuwa bado halijachomoza. Alikuwa amepiga magoti katikati ya mistari ya mahindi, shuka kuukuu limetandazwa pembeni yake. Alilishika kila gugu chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, akalitingisha kidogo kama mtu anayelegeza jino la mtoto, kisha akalivuta. Likitoka na mzizi wote, alishusha pumzi. Likikatika, alichimba kwa kidole mpaka akakipata kilichobaki. Jembe alikuwa ameliacha nyumbani. Jembe lina sauti, na asubuhi ile hakutaka kusikika.

Alijiambia kwamba haharibu kitu. Ndiyo maana katika kila mraba alibakiza matatu: mchicha pori, mgagani, na kongwa lenye maua ya buluu. Aliyachagua yenye sura nzuri, akayaachia nafasi sawa kati ya moja na jingine, kama mtu anayepunguza miche. Wageni watapata cha kuhesabu, na shamba halitamwaibisha. Hakuona tatizo lilipo.

Alipomaliza mraba wa kumi alikusanya ncha nne za shuka, akajitwika mzigo kichwani na kwenda kuumwaga kwenye shimo la mboji nyuma ya jiko. Akaufunika kwa kipande cha turubai. Kisha akanawa mikono, akanawa tena, lakini ule ukijani haukutoka.

Watu walimwita Fagio, na jina hilo alikuwa nalo kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipewa alipoolewa, msimu wake wa kwanza, baada ya mama mkwe wake kusimama kwenye mpaka wa shamba, akaitazama palizi yake, na kusema kwamba mkamwana huyu hapalilii, anafagia. Tangu hapo shamba lake lilikuwa kama uwanja wa nyumba inayosubiri harusi. Hakuwa na gari, hakuwa na nyumba ya ghorofa, wala mtoto aliyesoma sana wa kumtaja mbele za watu. Alikuwa na mistari safi ya mahindi kando ya njia ambayo watu wote walipita, na hiyo ilimtosha.

Halafu akaja Mtafiti.

Alikuwa binti wa chuo cha kilimo, mwenye buti zilizomzidi miguu na daftari alilolikumbatia muda wote. Alitafuta mashamba mawili yanayopakana, udongo mmoja, mbegu moja, siku moja ya kupanda, yatofautiane kwa jambo moja tu. Akayapata. Shamba la juu lilikuwa la Wifi, dada wa marehemu mume wa Fagio, ambaye kila msimu alipuliza dawa ya kuua magugu. Shamba la chini lilikuwa la Fagio, ambalo halikuwa limeonja dawa kwa miaka kumi na moja, tangu siku ile bomba la kupulizia lilipovuja mgongoni mwa mumewe na ngozi ikamchubuka kama ya kiazi kilichochemshwa.

"Nataka kujua ni aina ngapi za magugu zinaishi kwako, mama, na ngapi zinaishi kwa wifi yako," Mtafiti alimweleza. "Kila gugu lina mdudu wake, na kila mdudu ana kazi yake. Nikijua idadi, nitajua shamba linabeba uhai kiasi gani."

"Kwa hiyo wewe unayataka magugu."

"Nayataka, mama."

Fagio alicheka mpaka akajifuta macho. "Haya, mwanangu. Leo nimepata mteja."

Mtafiti alipima miraba kumi katika kila shamba, mita moja kwa mita moja, akachomeka vijiti pembeni na kufunga kitambaa chekundu kwenye kila mraba. Sehemu nyingine zote Fagio angepalilia kama kawaida. Ndani ya miraba, asiguse kitu mpaka siku ya kuhesabu.

"Sitagusa hata jani," alisema Fagio. "Neno langu ndilo hilo."

Alilisema kwa moyo mweupe. Hakujua lingemgharimu nini.

Mvua ziliponyesha, miraba ikachachamaa. Katikati ya usafi wake ikaonekana kama viraka kwenye nguo mpya, na kwa bahati mbaya mitano kati ya hiyo ilikuwa kando ya njia. Watu wakaanza kupunguza mwendo wakipita.

"Wifi, hujambo na mifugo yako?" Wifi aliuliza asubuhi moja, ameegemea mpini wa jembe lake kule juu.

"Mifugo gani?"

"Si hayo unayofuga. Naona yamenenepa. Utachinja lini?"

Waliokuwa njiani wakaangua kicheko, na Fagio akacheka nao, kwa sababu wifi na wifi hutaniana, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Siku nyingine fundi baiskeli alipita akasema, "Naona fagio limekatika mpini." Akacheka tena. Lakini alipotokea mzee mmoja aliyemheshimu sana, akasimama, akavua kofia, na kumuuliza kwa upole kama siku hizi anaumwa, Fagio hakuwa na kicheko cha kumpa. Alisema, "Sijambo, baba," na uso ukamwiva. Tangu siku hiyo alipita njia ya nyuma kwenda kisimani.

Hata hivyo alivumilia wiki sita. Kilichomshinda kilikuja siku moja kabla ya kuhesabu, Mtafiti alipofika na furaha tele kumwambia kwamba kesho hatakuja peke yake. Atakuja na mwalimu wake kutoka chuoni, na wakulima wa kikundi kama ishirini hivi watakuja kutazama.

"Kutazama shamba langu?"

"Shamba lako, mama. Wewe ndiye mfano wetu."

Alikusudia kumpa heshima. Fagio alisikia watu ishirini na mkubwa wa chuo wakiingia kwenye nyumba isiyofagiwa.

Asubuhi ile wageni walianza kwa Wifi. Mwalimu wa chuo alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani, na watu walikwisha kumwita Mkubwa kabla hajamaliza kusalimia. Mtafiti alibeba fremu yake ya chuma, akailaza juu ya mraba wa kwanza, akachuchumaa na kuhesabu kwa sauti huku akiandika. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Palikuwa na ndago, palikuwa na sangari, kongwa hapa na pale, na mbigili uliotambaa kwenye mraba wa tisa. Aina nne.

"Nne," alisema Mtafiti, na hakuweza kuzuia tabasamu. "Sasa tushuke kwa mama."

Fagio alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alisimama mwanzo wa mstari, mikono ameificha nyuma. Aliona fremu ikishuka juu ya mraba wa kwanza, akaona mgongo wa Mtafiti ukitulia.

Mtafiti aliandika bila kuhesabu kwa sauti. Akahamia mraba wa pili. Akahamia wa tatu. Wakulima walimfuata wakinong'ona kwa kuridhika, na mmoja akasema waziwazi, "Lo, huyu mama hana mchezo. Hata bila dawa." Maneno hayo ndiyo Fagio aliyokuwa ameyafanyia kazi tangu alfajiri. Yalipomfikia hayakuwa na ladha yoyote.

Mraba wa kumi ulipokwisha, Mtafiti alibaki amechuchumaa.

"Tatu," alisema.

"Tatu kwenye mraba huu?" aliuliza Mkubwa.

"Tatu kwa yote."

"Na ripoti yako ya wiki mbili zilizopita ilisema kumi na tisa."

"Nilipita nikaandika majina. Sikuwa na fremu siku hiyo." Mtafiti alifungua daftari kurasa za nyuma, akafunga, akafungua tena. "Labda nilichanganya miche michanga. Labda aina moja niliiandika mara mbili. Sielewi, mwalimu."

"Au ulitaka sana kuyaona, ukayaona," alisema Mkubwa, bila ukali. "Hutokea. Hata mimi ilinitokea nikiwa na umri wako. Lakini kwa takwimu hizi hatuwezi kuendelea na shamba hili. Tutazungumza."

Binti akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Fagio, na machoni mwake hamkuwa na tuhuma hata chembe, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mama, hakuna aliyeingia humu? Mbuzi? Mtu? Wewe hukugusa?"

Watu ishirini walikuwa wakimtazama. Mzee wa kofia alikuwa miongoni mwao, naye alikuwa akitabasamu, amefurahi kuona kwamba Fagio amepona.

"Sikugusa," alisema Fagio.

Alihisi kitu kikivutwa upindoni mwa gauni. Akatazama chini. Wifi alikuwa ameinama nyuma yake, akichomoa mbegu za kishona nguo zilizokuwa zimeng'ang'ania kitambaa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemtoa mwenzake uzi begani. Katika miraba yote kumi hapakuwa tena na kishona nguo hata mmoja. Gauni lilikuwa limetundikwa msumarini jikoni, likagusana na nguo ya alfajiri.

Wifi alizifumba mbegu kiganjani, akainuka, akatazama mawingu.

"Jua la leo kali," alisema.

Watu walipotawanyika, Wifi alimfuata mpaka jikoni, akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. Fagio akawasha moto. Kuni zilikuwa kavu lakini moto ulikataa kushika, au mikono ndiyo ilikataa.

"Sema basi," alisema Fagio bila kugeuka. "Nicheke. Leo una haki."

"Mimi sijasema kitu."

"Umeniona."

"Alfajiri natoka nje, naona kitu kinatambaa kwenye mahindi. Nikadhani ni nguruwe pori. Nikachukua jiwe." Wifi alisogeza kigoda. "Bahati yako nilivaa miwani."

Fagio alijaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Alikaa chini sakafuni, palepale kwenye majivu, na gauni lake la kutokea.

"Kwa nini hukusema mbele yao?"

"Ningesema nini? Kwamba wifi yangu ni mwongo?" Akafungua kiganja, akazitazama zile mbegu nyeusi. "Na mimi ndiye niliyekuchokoza wiki sita nzima. Unajua kwa nini nilikuwa napita pale kila siku?"

"Kunicheka."

"Kuangalia mnavu. Ule wa mraba wa pili. Kwangu mnavu hauoti tena, wifi, wala mgagani. Nimepuliza mpaka udongo umesahau. Mtu akitaka mboga ya kando ya shamba lazima aje kwako aombe, na mimi nikaona haya kuomba, nikaona heri nikutanie." Aliziweka mbegu juu ya jiwe la jiko. "Yule binti alilia. Nilimwona kule kwenye gari, akijifanya anafunga buti."

Fagio aligeuza viganja juu. Alikuwa akiitazama mikono yake. Miaka thelathini mikono hiyo ilikuwa imempa jina. Leo ilimpa jina jingine, na hakuna aliyelijua isipokuwa mtu mmoja anayevaa miwani.

Alasiri aliliinua turubai. Magugu yalikuwa yamesinyaa na kuanza kutoa joto, lakini bado yalitambulika. Akayarudisha kwenye shuka lilelile, akajitwika, na mara hii akapita njia ya mbele.

Mtafiti alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kilimo, chumba cha sakafu ya saruji, kitanda cha chuma, na meza iliyojaa karatasi. Begi lilikuwa wazi juu ya kitanda na nusu ya nguo zilikuwa zimeshapangwa ndani, kwa kuwa Mkubwa alikuwa amemwambia arudi chuoni.

"Shikamoo, mama. Karibu. Samahani, chumba hakijakaa vizuri."

"Marahaba." Fagio aliteremsha mzigo katikati ya sakafu. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa hakuliona hata moja. Akafungua tu lile shuka.

Harufu ya majani yaliyonyauka ikajaa chumbani. Mtafiti alitazama, akachuchumaa polepole, akachomoa shina moja la kishona nguo, akaligeuza.

"Hili ni la wapi?"

"La mraba wa nne. Au wa sita. Sikumbuki vizuri." Fagio alikunja ncha ya shuka. "Niliyang'oa yote leo alfajiri. Nikabakiza matatu matatu. Nimekudanganya mbele ya watu, mwanangu. Wewe hukukosea kuhesabu."

Mtafiti aliliweka lile shina chini. Nje mtu alikuwa akigongelea bati.

"Kwa nini?" aliuliza Mtafiti.

"Wageni walikuwa wanakuja."

Binti alimtazama kama mtu anayesubiri maneno mengine, lakini hayo ndiyo yalikuwa yote, na polepole uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa. Hata hivyo kuelewa hakukumwondolea hasira.

"Miezi miwili, mama. Nilimwambia mwalimu, mashamba mengine siyaamini, hili la mama nina uhakika nalo. Nilikuamini wewe kuliko hii fremu."

Fagio alitamani angetukanwa. Tusi lina mwisho wake. Aliinama, akaanza kutenganisha magugu juu ya saruji, kwa sababu hakujua kufanya jambo jingine. Mnavu hapa. Mbigili hapa. Kifungambuzi hapa. Lile lenye manyoya. Lile linalotoa maziwa ukilikata. Lile ambalo hakulijua jina wala mama yake hakulijua, ila alilijua kwa harufu. Baada ya muda Mtafiti naye akakaa chini, akavuta daftari, na wakafanya kazi bila kuzungumza, mmoja akipanga, mwingine akiandika, mpaka sakafu yote ikajaa mafungu madogo madogo na hapakuwa na pa kukanyaga.

"Ishirini na mbili," alisema Mtafiti. Alirudia kuhesabu. "Ishirini na mbili, na mimi niliona kumi na tisa."

"Basi yamepatikana."

"Hapana, mama. Hii ni orodha tu. Sijui yalikuwa mangapi kwenye kila mraba. Bila hiyo siwezi kulinganisha na kwa wifi yako." Aliiweka kalamu chini. "Lazima nimpigie mwalimu nimwambie."

"Mpigie. Nitamwambia mimi."

Simu ilipopokelewa, Fagio aliishika kwa mikono miwili kama bakuli la moto. Alisema jina analoitwa, akasema alichofanya, akasema na lile "sikugusa" kwamba lilikuwa uongo. Hakupunguza neno.

"Mama," ilisema sauti ya Mkubwa hatimaye, "ulitumia jembe?"

"Hapana, baba. Mikono."

"Udongo hukuugeuza kabisa?"

"Nilichimba kwa kidole tu, palipokatika mzizi."

"Mlikuwa mmepata mvua lini mara ya mwisho?"

"Siku nane zilizopita."

"Mbegu bado zimo," alisema Mkubwa. "Sehemu kubwa ya magugu ya shamba huwa iko chini, imelala. Mwambie binti afungue begi lake. Ang'oe na magugu ya miraba ya juu kwa mkono, vilevile, ili mashamba yaanze sawa. Ikinyesha, tutaona kinachoota upya. Haitakuwa kazi ileile tuliyoianza. Na siahidi kwamba kamati itaikubali."

"Naelewa, baba."

"Na mama, safari hii..."

"Naelewa," alisema Fagio.

Kesho yake yeye na Wifi waling'oa magugu ya miraba kumi ya juu, Mtafiti akiwasimamia bila maneno mengi. Mvua ilinyesha siku ya kumi na moja, ikanyesha tena siku mbili mfululizo, na juma lililofuata miraba ikaanza kupata vumbi la kijani.

Fagio alitoa kigoda chake jikoni, akakiweka kando ya njia, mbele ya mraba wa kwanza. Kila alipomaliza kazi zake alikuja kukaa hapo. Fundi baiskeli alipita, akashusha mguu.

"Fagio, unalinda nini?"

"Magugu. Nilikuwa nimeahidi kuyaacha, nikayang'oa, nikasema sikuyagusa. Yule binti karibu apoteze kazi yake kwa ajili yangu."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kwa utani. Akaufunga. "Ahaa," alisema, akapanda baiskeli yake.

Alimwambia hivyo hivyo mama muuza mkaa. Alimwambia yule mzee, ambaye alivua kofia, akaishika kifuani muda mrefu, na kuondoka. Kila mara uso ulimwiva vilevile. Hakuzoea.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mahindi, Wifi aliteremka akasimama nyuma yake. Miche ilikuwa imefikia urefu wa ukucha. Mingi ilikuwa bado na yale majani mawili ya kwanza, ambayo hufanana kwa kila mmea, hata mwenye jicho lake hawezi kusema hili litakuwa nini na lile litakuwa nini.

"Ule ni mnavu?" aliuliza Wifi.

"Bado haujasema."

Wifi akachuchumaa. Wakatazama. Katikati kabisa ya mraba, mche mmoja ulikuwa umeota umeegemea mwingine, umepinda, ukiunyima mwenzake jua. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja kuusogeza. Mkono wa Fagio ulinyooka wenyewe, kama ulivyonyooka kwa miaka thelathini, ukavuka vijiti, ukafika juu ya ile miche na kusimama hapo, kivuli cha vidole vitano kikiwa juu ya majani madogo.

Wifi aliutazama ule mkono.

Fagio aliurudisha mkono polepole, akauweka mapajani, na wa pili akauweka juu yake.